Zamu ya Mama Kwenye Ndiva

Siku tuliyomzika baba, mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Hakuna aliyenilazimisha. Kazi yangu mjini Same ni ushereheshaji: harusi, sherehe za kuwaaga mabinti, kipaimara, ufunguzi wa maduka. Watu wa nyumbani kule Mhezi waliona ni fahari yao mazishi yaongozwe na mtu ambaye kazi yake ni kuongea. Basi nikasimama kando ya kaburi na suti nyeusi, nikakaribisha waombolezaji, nikaita wasifu usomwe, nikapanga makundi ya kuweka mashada, nikamkumbusha mchungaji muda. Ratiba haikuchelewa hata dakika moja. Watu walinipongeza, na mimi nikapokea pongezi.

Nilipokuwa natangaza zamu ya wakwe kutia udongo, nikasikia kilio. Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anamlilia baba yangu kwa Chasu, lugha yetu Wapare. Anamtaja alivyokuwa akimkatia miwa, alivyokuwa akimgombeza kwa kuacha mlango wazi kuku wakaingia, anamuuliza nani sasa atamgombeza. Akina mama wakamzunguka. Mama yangu, mjane mwenyewe, akaacha kiti alichopangiwa akaenda kukaa chini kando yake, wakashikana. Mimi nikasogeza kipaza sauti mdomoni nikasema, "Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu ili tuendelee na ratiba."

Nilimwonea wivu kilio chake. Nasema hivyo bila kupaka rangi. Sikuguswa, sikumhurumia, nilimwonea wivu kama mtu anavyomwonea mwenzake kitenge kizuri. Mimi machozi yalinikatalia siku ile na siku zote zilizofuata, na huyu aliyekuja kwetu akiwa mtu mzima alikuwa nayo ya kumwaga.

Lazima nieleze alikotoka, maana hapo ndipo palipokuwa pananiunguza. Wifi yangu si Mpare. Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge huko chini tambarare, wazazi wake walikuja kukata mkonge kutoka mbali, magharibi ya nchi. Alipoolewa hakujua neno hata moja la kwetu. Miaka kumi na minne baadaye anakiongea Chasu kunizidi, anatania nacho, anapatana nacho bei sokoni, anawakaripia nacho watoto wake. Mama akiwa na jambo la maana humwambia yeye kwanza, kwa Chasu, kisha mimi ananieleza kwa Kiswahili, taratibu na kwa adabu, kama mtu anayezungumza na afisa kilimo.

Mimi Chasu nilikiacha nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nilipelekwa shule ya bweni, na usiku wa kwanza tu wasichana walicheka nilivyoomba ndoo. Kitanda cha jirani alilala msichana wa Tanga, Kiswahili chake kinateleza, hata akiomba sabuni unatamani arudie. Nilimwonea wivu hadi chakula kikanishinda. Dawa niliyoipata ilikuwa kumwiga. Nikaanza na salamu, nikaenda kwenye kicheko, nikamalizia na namna yake ya kuvuta maneno anapochoka. Muhula wa pili ulipokwisha hakuna aliyenicheka tena, na niliporudi nyumbani likizo nikamjibu mama kwa Kiswahili kile kile. Mama akanitazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua maharage.

Tangu hapo ndivyo nilivyoishi. Sijawahi kumchukia mtu niliyemwonea wivu. Nilimhamia tu, kama mpangaji. Mwalimu aliyekuwa na mwandiko mzuri, nikauchukua mwandiko. Mtangazaji wa redio, nikachukua pumzi zake. Nikiwa na wenye harusi wa Moshi nina kicheko cha Moshi, nikiwa na Waislamu wa barabarani hapo Same salamu zangu zinanyooka kuliko zao. Na ili ukumbi uchangamke nina utani wangu wa Mpare aliyeuza ng'ombe kuendesha kesi ya kuku. Ukumbi wote hucheka na mimi huwacheka wenzangu pamoja nao, kana kwamba nimezaliwa kwingine. Kazi ilinikubali sana. Ila nikiwa peke yangu jikoni, nikitaka kuimba huku napika, sikujua niimbe kwa sauti ya nani.

Huyu wifi ndiye mtu wa kwanza ambaye wivu niliomwonea ulinishinda kuutibu. Ningemwigaje? Vyote alivyokuwa navyo vilikuwa vyangu.

Mwaka jana magoti ya mama yaligoma kabisa. Kwetu kila ukoo una zamu yake kwenye ndiva, bwawa dogo la mawe na udongo linalopokea maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu hung'oa kizibo chini ya ukuta, maji yakashuka na mfereji hadi shambani kwake. Zamu ya nyumba yetu ilikuwa mikononi mwa mama tangu kabla sijazaliwa. Anayeishika ndiye anayehesabiwa kwenye vikao, ndiye anayeitwa mfereji ukibomoka, na akipita njiani watu wanamuuliza hali ya nyumba nzima. Sasa mama alitaka kuiachia, na kwa kawaida ya ndiva yetu anayeachia humtaja mrithi wake siku ya msaragambo, yaani siku ya kazi ya pamoja ya kuzoa tope. Akishatajwa, mrithi anavua viatu na kuingia topeni wa kwanza, wengine wote wanamfuata.

Nilipopata habari nilifunga virago. Nilikuwa na sherehe ya kuongoza Jumapili, lakini msaragambo ulikuwa Jumanne, nikaona muda upo. Sikutaka maji. Shamba langu ni ukumbi, na nyumba yangu iko Same ambako maji hutoka bombani siku yakitaka. Nilichotaka ni mama anitaje mbele za watu. Nilijiambia kwamba akimtaja yule basi mimi nyumbani sina changu tena, nitakuwa mgeni anayeletewa soda.

Nikanunua mabuti ya mpira na jembe jipya. Nikafunga kanga kiunoni kama wifi anavyofunga, fundo ubavuni. Nilipotokeza uani asubuhi ile, wifi akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Wifi, umependeza. Unakwenda kupiga picha?" Watoto wake wakacheka, nikacheka nao. Moyoni nilitamani jembe lile limwangukie mguuni.

Kwenye ndiva watu walikuwa wengi. Mama alikalishwa ukingoni juu ya gunia. Mwenyekiti wa ndiva, mzee mmoja mfupi aliyesoma na baba, akapiga makofi kutaka kimya, kisha akaniona.

"Kumbe Emsii wetu yupo! Basi mimi nipumzishe koo. Mama mtu atamnong'oneza, yeye atutangazie. Tufanye mambo ya kisasa."

Watu wakashangilia. Nikapanda kwenye jiwe. Nikamwinamia mama, naye akaniambia sikioni, kwa Kiswahili chake cha kunihudumia mimi, "Sema zamu yangu namwachia mkwe wangu. Ndiye anayeijua."

Nilinyanyuka. Wifi alikuwa chini yangu pale ukingoni, ameshavua viatu, amevipanga pamoja juu ya jani la mgomba. Naviona hadi leo, kandambili za bluu. Nikavuta pumzi ya yule mtangazaji wa redio nikasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde, "Wapendwa majirani, mama yetu anasema, kwa moyo mkunjufu kabisa, zamu yake anamwachia mwanawe wa kumzaa. Yaani mimi hapa!"

Makofi yakalia. Mama alifungua mdomo, akaufumba. Baadaye alinieleza kwamba kunikana mbele ya ndiva nzima kungekuwa kunivua nguo. Wifi aliinama akavaa kandambili zake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mimi nikavua mabuti nikaingia topeni wa kwanza. Tope lilikuwa la baridi na watu walinishangilia kama bibi harusi. Nilikuwa na nilichokitaka, na nikakitafuta ndani yangu nisikione.

Zamu yetu iliangukia Alhamisi. Nyumbani, siku zile mbili, mama hakunisema. Alikuwa akiniita "mwenye zamu," basi, na yeye na wifi wakaendelea kunong'ona kwa Chasu chao jikoni. Alhamisi alfajiri wifi alinikuta nimeshajifunga kanga.

"Nikusindikize?" akauliza.

"Kaa upumzike. Nimekuona ukifungua mara ngapi?"

Akalitazama jembe langu lililoegemea ukuta, likiwa kavu, akarudi ndani.

Ni kweli nilikuwa nimemwona. Kila nilipokuja likizo nilimwona akisimama juu ya ukuta kumekucha, akishika mti wa kizibo kwa mikono miwili, akiutikisa, akiung'oa kwa mvuto mmoja wa mgongo, na maji yakitoka kwa kishindo. Nilikuwa nimeuhifadhi mgongo ule. Nikasimama aliposimama, nikashika alivyoshika, nikang'oa. Maji yakatoka. Nikasimama nimeshika kiuno nikiyaangalia yanavyokimbia, nikawa najipongeza.

Ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu nilikuwa naamka mambo yakiwa tayari, ni kwamba wifi jioni ya kabla ya zamu huteremka na mfereji mzima na jembe lake. Mfereji una matawi, kila tawi linaingia shamba la mtu. Anataka yote yazibwe, anaziba kwa bonge la udongo lenye majani, moja moja, hadi lililobaki wazi ni letu tu. Mtoto wa Mhezi wa miaka minane anajua kwamba mdomo wa ndiva haufunguliwi kabla matawi hayajafungwa. Mimi nilikuwa najua nikiwa na miaka minane.

Maji ya usiku kucha yakaingia kwa kila mtu isipokuwa kwetu. Mengi yalikwenda kwa mzee jirani, mgane, ambaye alikuwa ameng'oa maharage yake yote na kuyatandaza shambani yakauke kabla ya kupigwa. Nilimwona akipanda na mfereji, suruali imelowa hadi magotini, anafoka kwa Chasu.

"Shikamoo mzee wangu," nikasema.

"Marahaba. Maharage yangu yanaogelea."

"Mzee wangu, kwanza nikupe pole. Kilichojitokeza hapa ni changamoto ndogo ya kiufundi ambayo tutaishughulikia kwa pamoja..."

"Nani ameoa," akaniuliza, "mpaka uniletee hotuba?"

Ndipo wifi akatokea anakimbia, jembe begani, akashuka moja kwa moja kwenye mfereji akaanza kuziba matawi. Kazi hiyo haikuwa na maana tena. Ndiva ilikuwa imebaki tope na vyura. Mzee akaondoka akisema jioni tukutane kwa mwenyekiti, na kama si kwa mwenyekiti basi kwa mtendaji, na kama si kwa mtendaji basi mahakamani. Utani wangu wa ukumbini ulikuwa umenijia kwa miguu yake, na haukunichekesha.

Nikashuka kwa wifi. Alikuwa anapiga udongo kwa ubapa wa jembe kana kwamba udongo ndio uliomkosea.

"Ulijua sijaziba," nikamwambia.

"Nilijua. Jana nilipita, nikaona yako wazi. Nikasema ngoja, si ameshatajwa?" Akanigeukia. "Sikufanya vizuri. Maharage ya mama yatakauka na mimi ndiye nitakayeyaangalia. Lakini nilikasirika, wifi. Nilikuwa nimevua viatu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kusuluhisha, ndiyo yanayonilisha. Hayakutoka. Nikasema, "Nakuonea wivu. Unaongea na mama yangu kwa lugha yangu, mimi nimekaa kama mgeni. Tangu siku ya msiba nakuonea wivu hadi nalala vibaya."

Nilidhani atalainika. Wifi yangu si mtu wa kulainika akiwa na jembe mkononi.

"Sasa nifanyeje, nikisahau hicho Chasu?" akasema. "Mimi nilifika hapa mama ananiomba chumvi nampa kuni. Nilichekwa mwaka mzima. Nikang'ang'ana, nikajifunza, kwa sababu kule kambini nilikotoka hapakuwa na pa mtu kuita kwetu. Wewe ulikitupa, mimi nikakiokota. Unataka nikirudishe?"

Tukaziba tawi la mwisho pamoja, bila sababu, kwa kuwa wote wawili hatukutaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Jioni mwenyekiti akatuita ukingoni pa ndiva. Mwenyekiti, mzee wa maharage, majirani kumi na kitu, mama juu ya gunia lake, wifi nyuma yake. Kesi za ndiva kwetu husemwa kwa Chasu, hiyo haina mjadala. Mzee akaeleza hasara yake vizuri sana, na kwa mara ya kwanza nikaona uzuri wa Mpare aliyejiandaa na kesi. Kisha mwenyekiti akaniambia niseme.

Nilifungua mdomo kwa Kiswahili. "Kumetokea sintofahamu," nikaanza, na mzee akanyoosha mkono kunizuia. Akasema jambo ambalo nililielewa lote: maji yalimwagwa hapa, yasemwe kwa lugha ya hapa.

Basi nikaingia kukitafuta Chasu changu, na nilichokikuta ni cha msichana wa miaka kumi na mitatu. Nilipokiacha ndipo kilipokaa. Kilikuwa na maneno ya mbuzi, ya kuni, ya njaa, ya kupigwa, ya kudanganya na ya kuiba. Cha mtu mzima hakikuwepo. Hakuna changamoto, hakuna sintofahamu, hakuna moyo mkunjufu. Nikajikuta sina pa kujificha.

Nikasema, kwa sentensi fupi za kitoto, lafudhi imerudi yote: Mama alimtaja yeye. Mimi nikasema ni mimi. Nimedanganya. Nimeiba. Maji nimemwaga mimi.

Mwenyekiti akauliza kwa nini. Swali rahisi. Nikatafuta neno la wivu, na nililolijua ni lile la watoto wanaochunguliana sahani, basi ndilo lililotoka. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kanga kiunoni, nikasema mbele za majirani wote, "Mama anampakulia yeye nyingi kuliko mimi."

Kicheko kililipuka. Hata mzee wa maharage alicheka, akijipangusa macho. Sikucheka nao. Sauti niliyoisikia ikisema maneno yale niliifahamu, nilikuwa sijaisikia miaka mingi. Ilikuwa nyembamba na haikuwa nzuri. Watu waliponiona sicheki, kicheko kikapungua, kikaisha.

Mama hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alinijibu kwa Chasu, moja kwa moja, bila kupitia kwa wifi, kama anavyomjibu mtoto aliyelalamika.

"Nilikuwa napakua," akasema. "Ulikuwa huji kula."

Ikaamuliwa. Zamu ikaenda kwa wifi, ambaye safari hii aliipokea kwa kinywa chake mwenyewe, na kabla ya kuipokea aliwaambia wazee kwamba na yeye aliyaona matawi yako wazi akanyamaza. Mwenyekiti akamkaripia kwa ufupi. Mimi nikapewa maharage ya mzee: niyatoe shambani yote, niyatandaze kwenye majamvi juu ya miamba, niyageuze hadi yakauke, na nisiondoke kabla mzee hajasema yamekauka. Sherehe ya Jumapili nikampa mwenzangu wa mjini aiongoze.

Asubuhi ya kwanza mama aliita kula kutoka uani. Nilikuwa juu ya mwamba, mikono imejaa tope la maganda. Nikateremka. Yalikuwa makande, yamewekwa kwenye sahani tatu, na sahani ya wifi yangu ilikuwa na lundo. Nikaitazama, nikaitazama yangu. Nikasema kwa Chasu kwamba ya yule ni nyingi. Wifi akaguna. Mama akachukua upawa akaniongezea.